Rodi ya ethi haimezi mawimbi: jibu kwa mwendesha redio anayeungua midomo

"Mtaalamu, habari za kazi. Nina leseni ya redio ya ridhaa na ninaishi ghorofa ya pili, katika nyumba iliyojengwa kwenye kilima cha mawe hapa Mwanza. Antena yangu ni waya wa mita 20 na ushei unaolishwa mwishoni kupitia transfoma ya 49:1, na kebo ya koaksi kutoka kwenye transfoma hadi mezani ina mita 20. Nikirusha kwa wati 100 maikrofoni inaniunguza midomo, kompyuta inajizima na kujiwasha, na sauti yangu inatoka kwenye sabufa ya jirani. Rafiki yangu aliniambia kuwa ninachokosa ni ethi, nikapigilia rodi ya shaba chini ya ukuta, ikaingia nusu tu kabla ya kugonga mwamba, nikaiunga na redio kwa waya wa mita 10. Kwenye masafa ya 14 MHz kero imepungua sana, lakini kwenye 7 MHz imezidi. Sasa nashauriwa niongeze rodi mbili, na pia nikate ncha ya ethi kwenye plagi ya redio ili ethi ya nyumba isigombane na ya redio. Je, nifanye hivyo?"

Ndugu yangu, naanza na mwisho wa swali lako kwa sababu ndiko kwenye hatari ya kuua. Usikate ncha ya ethi kwenye plagi, na kama umekwisha kuikata, usiiwashe redio hiyo mpaka uirudishe. Rodi mbili za ziada, kama zitafungwa kwa utaratibu nitakaoueleza baadaye, hazitakudhuru, lakini hazitaiponya midomo yako. Huna uhaba wa ethi. Una mkondo wa redio unaosafiri upande wa nje wa kebo yako hadi mezani, kwa sababu antena uliyoichagua haikupewa njia nyingine ya kuurudisha. Ile tofauti ya 7 na 14 MHz, ambayo umeitaja kama jambo la pembeni, ndiyo iliyonionyesha tatizo liko wapi, na nitairudia kwa urefu.

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko ni kwamba neno ethi tumelibebesha kazi tatu zisizofanana. Kazi ya kwanza ni ya umeme wa nyumbani, volti 230 kwa mizunguko 50 kwa sekunde: waya wa moto ukilegea na kugusa bati la kifaa, mkondo upate njia ya kwenda ethi, swichi ya usalama ikate, na mtu atakayelishika bati hilo awe mzima. Kazi ya pili ni ya radi, yaani kuipokea nguvu kubwa inayodumu muda mfupi mno na kuielekeza ardhini nje ya nyumba kabla haijafika sebuleni. Kazi ya tatu ni ya mawimbi ya redio, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu wanaiwazia ardhi kama shimo la maji machafu: ukimwaga humo kila usichokitaka, kinapotea. Mkondo wa umeme haupotei. Ukitoka upande mmoja wa mtambo, lazima urudi upande wa pili wa mtambo uleule, na swali pekee ni kwamba utarudia njia ipi. Usipoutengenezea njia, utajichagulia wenyewe, na kwako umechagua kebo, redio, maikrofoni na midomo yako.

Kabla ya kwenda mbali naomba ufanye uchunguzi mmoja, kwa sababu kuna aina mbili za kuumwa na maikrofoni na dawa zake hazilingani. Mkondo wa redio huuma unaporusha tu. Ukiachia kitufe, hisia inakatika palepale. Lakini ikiwa unahisi mtetemo au mwasho unapogusa bati la redio au la pawasaplai hata wakati unapokea tu, hiyo si redio, ni umeme wa nyumbani. Pawasaplai nyingi za kisasa, za kompyuta na za redio, zina kapasita ndogo kati ya nyaya za umeme na bati lake ili kupunguza kelele. Ncha ya ethi ikiwa haifiki popote, bati hilo hukaa kwenye volteji iliyo karibu na nusu ya ile ya ukutani, yaani volti 115 hivi. Mkondo wake ni mdogo na kwa kawaida huwasha tu. Hatari ni kwamba siku kifaa kitakapoharibika kwa ndani, ile nusu itakuwa volti 230 kamili, na hakutakuwa na kitu cha kuikata. Nimeingia katika nyumba nyingi ambamo soketi zina matundu matatu lakini nyuma ya tundu la juu hakuna waya uliofungwa, kwa hiyo usiamini idadi ya matundu. Ukihisi mwasho wakati wa kupokea, zima kila kitu na umwite fundi umeme kabla ya kuendelea na ushauri wangu mwingine wowote.

Tuseme sasa kwamba unaumwa unaporusha tu, kama swali lako linavyoashiria. Ili kuelewa kinachotokea lazima tuitazame kebo ya koaksi kwa jicho jingine. Kwa macho ina nyaya mbili, waya wa kati na wavu wa shaba unaouzunguka. Kwa masafa ya redio ina njia tatu. Mkondo wa masafa ya juu hauzami ndani ya shaba, bali hutembea juujuu ya ngozi yake, na kwenye 7 MHz kina hicho ni takriban milimita 0.025 tu. Wavu wa kebo ni mnene kuliko hapo, na matokeo yake ni kwamba uso wa ndani wa wavu na uso wake wa nje ni kama nyaya mbili tofauti ambazo hazijuani, isipokuwa pale wavu unapoishia. Ndani ya kebo, mkondo wa waya wa kati na ule wa uso wa ndani wa wavu ni sawa kwa ukubwa na hupingana kwa mwelekeo, kwa hiyo kebo haitoi mawimbi hata ukiikumbatia. Shida huanza mwishoni, kwenye transfoma, ambako uso wa ndani na uso wa nje vinakutana. Hapo mkondo unaotoka ndani ya wavu una hiari ya kupindukia nje na kuanza safari ya kurudi kwako juu ya kebo, kama maji yanayofurika mdomo wa mtungi na kuteremka ubavuni. Huo nitauita mkondo wa nje, na kila unapokuwapo kebo yako imekuwa sehemu ya antena, upende usipende.

Kwa nini kwako umepindukia? Waya wa nusu wimbi unaolishwa mwishoni, yaani wenye urefu wa nusu ya wimbi la redio kama wako, ni antena nzuri, mimi mwenyewe nimeitumia safarini kwa miaka, lakini imeuzwa kwa ahadi moja isiyo ya kweli, kwamba haihitaji kitu kingine zaidi ya waya wenyewe. Mwishoni mwa nusu wimbi impidansi, yaani upinzani wa jumla dhidi ya mkondo wa redio, ni kubwa, omu 2,000 hadi 3,000 hivi, na ndiyo maana transfoma ya 49:1 inahitajika: 50 mara 49 ni 2,450. Ukiweka wati 100 hapo, volteji ni karibu volti 500, na mkondo unaoingia kwenye waya ni karibu ampia 0.2. Ni mdogo, lakini si sifuri, na kiasi kilekile lazima kisukumwe kutoka upande wa pili wa transfoma. Upande huo kwako umefungwa kwenye wavu wa kebo na hakuna kingine. Basi ampia hizo 0.2 huingia juu ya kebo. Mtu anaweza kusema kwamba ampia 0.2 si kitu, na angekuwa sahihi kama mkondo ungebaki hivyo njia nzima. Haubaki hivyo. Kwenye 7.1 MHz urefu wa wimbi ni mita 42.2, nusu yake ni mita 21, na kebo yako ina mita 20. Umejenga, bila kukusudia, nusu wimbi la pili linaloanza kwenye transfoma na kuishia mezani kwako. Katika nusu wimbi, mkondo huwa mkubwa katikati na volteji huwa kubwa kwenye ncha zote mbili. Ncha moja ya hiyo kebo ni redio, pamoja na maikrofoni unayoiweka karibu na mdomo.

Sasa turudi kwenye rodi yako na kitendawili chake. Umeiunga kwa waya wa mita 10. Kwa umeme wa mizunguko 50 waya huo ni kama haupo, ukinzani wake ni sehemu ndogo sana ya omu, na ndiyo sababu fundi umeme akiupima atakuambia ni mzuri. Kwa redio mambo hugeuka. Waya ulionyooka una indaktansi, yaani tabia ya kuupinga mkondo unaobadilika haraka, ya takriban maikrohenri moja au zaidi kwa kila mita, na hata waya mfupi wa mita 3 hufikisha omu 150 au zaidi kwenye 7 MHz. Wako wa mita 10 una jambo kubwa zaidi: robo ya wimbi kwenye 7.1 MHz ni mita 10.6, na waya wa robo wimbi una tabia ya kupindua. Ncha moja ikiwa na impidansi ndogo, ncha ya pili huonekana kuwa na impidansi kubwa. Kadiri rodi inavyokuwa nzuri kule chini, ndivyo redio yako huku juu inavyozidi kuning'inia hewani. Kwa hiyo kwenye 7 MHz hukuongeza ethi, uliongeza tawi jingine la antena ambalo kilele chake cha volteji kiko mezani. Ukihamia 14 MHz waya uleule wa mita 10 umekuwa nusu wimbi, na nusu wimbi haipindui bali hurudia: kilicho chini ndicho kinachoonekana juu, na kwa kuwa chini kuna rodi, kero imetulia. Vipimo vyako si kamili, ukuta ulio karibu na plastiki ya waya husogeza urefu kidogo, na rodi iliyogonga mwamba si ethi ya kujivunia, lakini mwelekeo wa dalili zako ni huohuo hasa ambao hesabu inautabiri. Ndiyo maana nasema rodi mbili za ziada ni jibu la swali ambalo hukuulizwa. Utakuwa umeboresha ncha ya chini ya waya ambao urefu wake ndio tatizo.

Hapa naomba niondoe dhana nyingine inayofanana na hiyo, kwamba antena yoyote ya redio hufanya kazi vizuri zaidi ukiipa rodi ndefu. Hata ile antena inayohitaji ardhi kweli, mlingoti wima wa robo wimbi, haitaki rodi. Inataka nyaya nyingi zilizotandazwa juu ya ardhi au chini yake kidogo tu, kama miali ya jua, ili zikusanye mkondo unaorudi kutoka pande zote. Mwaka 1937 wahandisi watatu wa Marekani, Brown, Lewis na Epstein, walichapisha vipimo vya jambo hili wakitumia hadi nyaya 113, na tangu hapo vituo vya redio vya masafa ya kati vimezoea kutandaza nyaya 120 chini ya mlingoti. Rodi hushuka wima kwenye udongo unaopitisha umeme vibaya, na kwenye granaiti ya Mwanza vibaya zaidi. Wewe hata hivyo huna antena ya aina hiyo, na nyaya 120 juu ya majabali hazitakusaidia.

Usiniamini kwa maneno matupu, thibitisha kwanza. Punguza nguvu hadi wati 10, ambazo zitashusha volteji hadi karibu theluthi moja ya ile ya wati 100, kisha rusha huku mtu mwingine akiishika kebo kwa kiganja juu ya plastiki yake, mahali mbalimbali, akiisogeza. Sindano ya SWR, kipimo cha mawimbi yanayorudishwa na antena, ikicheza, mkondo wa nje upo. Kebo iliyo safi haijali kushikwa. Jaribio la pili ni kuongeza kipande cha mita 3 cha kebo ya aina ileile. Ikiwa mawimbi yote yako ndani ya kebo, SWR itabaki karibu palepale, ikipungua kidogo tu kwa sababu ya upotevu wa kebo. Ikibadilika sana, maana yake hukurefusha kebo, ulirefusha antena. Waendeshaji wengi huona SWR imeshuka baada ya kubadilisha urefu wa kebo na kushangilia kwamba wameponya antena. SWR ya 1.2 haikwambii mawimbi yanatokea wapi, na nimeona vituo vyenye SWR nzuri kabisa ambavyo nusu ya kelele ya mtaa ilikuwa ikiingilia kebo.

Dawa ina sehemu mbili, na huwa nasikitika ninapoona mtu ananunua moja na kuiacha nyingine. Sehemu ya kwanza ni kuupa mkondo njia halali ya kurudi hukohuko kwenye antena. Funga waya wa takriban mita 2 kwenye upande wa ethi wa transfoma, pale wavu wa kebo unapofungwa, na uuache uning'inie mbali na kebo na mbali na mikono ya watoto. Wenye uzoefu huuita kauntapoizi. Mita 2 ni karibu asilimia 5 ya urefu wa wimbi kwenye 7 MHz, na kwa kuwa mkondo unaotakiwa ni ampia 0.2 tu, waya mfupi hivyo unatosha. Usiufanye wa robo wimbi ukidhani kirefu ni bora, kwa maana waya huo utabadilisha tabia ya antena nzima.

Sehemu ya pili ni kuufungia mkondo mlango wa kebo, na kazi hiyo hufanywa na choki. Wazo la kuizungusha njia ya kulishia antena ili kuuzuia mkondo usiotakiwa lina umri mkubwa: mhandisi Gustav Guanella wa Uswisi alilichapisha mwaka 1944. Unachukua kebo nyembamba ya koaksi na kuizungusha kwenye pete ya feraiti, aina ya kauri yenye sifa za sumaku. Mkondo wa ndani ya kebo hauoni pete, kwa sababu pande zake mbili hufutana, lakini mkondo wa nje unakutana na ukuta. Kwa 7 na 14 MHz chukua pete yenye kipenyo cha milimita 61, ya mchanganyiko namba 31 au 43, na uzungushe kebo ya RG-58 mara 11 au 12. Utapata maelfu kadhaa ya omu. Idadi ya mizunguko ni muhimu kuliko wengi wanavyofikiri, kwa kuwa impidansi hukua kwa kipeo cha pili: kebo ikipita mara moja ndani ya pete hupata makumi kadhaa ya omu, na mizunguko 12 huzidisha hizo mara 144. Ndiyo maana vile vibanio vya feraiti vya kebo za kompyuta, ukivipachika kimoja au viwili bila kuzungusha, havitakusaidia kitu kwenye 7 MHz.

Kuhusu vifaa nina maonyo mawili. Pete za rangi ya njano na nyeupe zinazotolewa kwenye pawasaplai mbovu za kompyuta, zile zinazouzwa kwa bei ya chini kwa mafundi wa redio, si feraiti bali ni unga wa chuma, na kwa kazi hii hazifai hata kidogo. Onyo la pili ni juu ya koili ya hewa, yaani kebo iliyozungushwa mara sita au saba bila pete. Ni ya bure, na wakati mwingine inasaidia, lakini inazuia kwa indaktansi tupu. Ikitokea kwamba sehemu ya nje ya kebo yako kwenye masafa fulani ina tabia ya kapasita, viwili hivyo hufutana na mkondo huongezeka badala ya kupungua. Feraiti ya namba 31 huzuia hasa kwa ukinzani, yaani hugeuza nguvu hiyo kuwa joto kidogo, na ukinzani haufutwi na kitu. Kama bajeti inabana, weka fedha kwenye pete moja nzuri kabla ya kununua rodi yoyote.

Choki uiweke wapi? Wapo wanaoiweka papo hapo kwenye transfoma, na wapo wanaoishusha mita 2 hivi chini yake na kuziacha mita hizo mbili za kebo ndizo ziwe kauntapoizi. Njia zote mbili hufanya kazi. Mimi hupendelea waya tofauti na choki kwenye transfoma, kwa sababu najua mkondo unapita wapi na sihitaji kukisia. Jambo la kuepuka ni choki kwenye transfoma bila kauntapoizi: hapo unaufungia mkondo mlango wa pekee uliobaki, volteji inapanda na pete hupata joto. Baada ya kurusha dakika chache, zima na uiguse pete. Vuguvugu ni kawaida, moto wa kukufanya uondoe mkono ni ishara kwamba kuna kosa. Ukipata pete ya pili, weka choki nyingine mahali kebo inapoingia ndani ya nyumba, ili hata mkondo ulioambukizwa kebo kutoka kwenye antena kwa njia ya hewa usifike mezani. Ule waya wa mita 10 unaokwenda kwenye rodi uondoe kwenye redio kwa sasa. Waya wa ethi wa plagi ubaki pale pale.

Kama una nafasi ya kunyanyua mlingoti mmoja wa mianzi au bomba la plastiki, ningekushauri uifikirie dipoli, antena ya nyaya mbili inayolishwa katikati, kwa maana ndiyo inayokata mzizi wa tatizo. Kwa 7.1 MHz utahitaji mita 20 hivi kwa jumla, mita 10 kila upande, katikati juu na ncha zikiteremka kama herufi V iliyopinduliwa, na choki moja katikati. Kila nusu ya dipoli ni njia ya kurudi ya nusu nyingine, na mkondo hauna sababu kubwa ya kuitafuta kebo. Hasara yake ni kwamba haitakupa 14 MHz bure kama antena yako ya sasa, na kebo inaning'inia katikati ambako si kila paa linaruhusu. Kwa mtu wa ghorofani penye majabali pande zote naelewa kwa nini ulichagua waya wa kulishwa mwishoni, na sitakulazimisha kuuacha. Ukiufunga kama nilivyoeleza, utakutosha.

Jirani yako na sabufa yake nimewaweka hapa kwa makusudi, kwa sababu sehemu kubwa ya kero yao itaondoka pamoja na mkondo wa nje. Kebo inayoteremka ukutani iko karibu na nyaya za umeme za jengo kuliko antena yenyewe, na kebo hiyo ndiyo inayompelekea sauti yako. Kama baada ya choki bado anakusikia, nyaya ndefu za spika zake ndizo zinazofanya kazi ya antena, na kuzizungusha mara kadhaa kwenye pete ya feraiti kwa kawaida kunamaliza shauri. Mwendee mapema kwa heshima, umweleze unachofanya, na uilipie pete hiyo wewe. Utagundua pia faida ya upande wa pili: njia inayotoa mawimbi ndiyo inayoingiza kelele, na taa za LED, chaja za simu na vidhibiti vya sola vilivyokuwa vikikuvumia masikioni huenda vikapungua siku ileile utakapofunga choki.

Sasa rodi. Sijasema uing'oe, kwa maana unaishi kando ya Ziwa Nyanza, katika mojawapo ya maeneo ya dunia yenye radi nyingi, na waya ulio juu ya paa unastahili ethi. Lakini rodi hiyo ina kosa moja kubwa kuliko yote niliyotaja: imesimama peke yake, haikuunganishwa na ethi ya nyumba. Radi ya ampia 20,000 ni ya kawaida. Ikiingia kwenye rodi yenye ukinzani wa omu 10, ambao kwenye mwamba wako ungekuwa bahati, rodi hiyo itapanda hadi volti 200,000 juu ya ardhi iliyo mbali nayo. Ethi ya nyumba itabaki chini kule, na kitu pekee kinachoziunga ethi hizo mbili ni redio yako, upande mmoja ikiwa na kebo ya antena na upande wa pili plagi ya ukutani. Kwa hiyo kuunganishwa siko kunakozigombanisha ethi mbili. Hugombana zisipounganishwa, na aliyekushauri ukate ncha ya plagi alikuwa akikupeleka kinyume.

Utaratibu salama ni huu: kebo ya antena iingie nyumbani mahali pamoja, ikiwa imepita kwenye kizuia-radi chenye kidonge cha gesi, kilichofungwa kwenye bamba la shaba nje ya ukuta. Kutoka kwenye bamba, waya mnene au utepe mpana wa shaba ushuke kwa njia fupi na iliyonyooka iwezekanavyo hadi kwenye rodi, na kutoka kwenye rodi, waya wa shaba wa milimita za mraba 16 hivi uende kuungana na ethi kuu ya nyumba. Hapo ndipo rodi za ziada zina maana. Penye mwamba usihangaike kuzipigilia wima. Chimba mfereji mahali penye udongo kati ya mawe na uzilaze humo, au ulaze waya mtupu wa shaba wenye urefu wa kutosha, ukiufukia kwa udongo wa bentoniti ukipatikana. Ule utaratibu wetu wa zamani wa chumvi na mkaa hupunguza ukinzani kwa msimu mmoja au miwili, kisha mvua huichukua chumvi na kutu hubaki na shaba yako, kwa hiyo ukiutumia lazima upime tena kila mwaka.

Kazi hii ya kuunganisha ethi usiifanye peke yako. Mtafute fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, mwenye kipima-ethi cha kweli na si malitimita ya mfukoni, apime ukinzani wa ethi ya nyumba, akague kama kila tundu la ethi kwenye soketi linafika kwenye rodi kuu, na ahakikishe kwamba bodi ina swichi inayokata umeme unapovuja kwa miliampia 30. Mwite pia mara moja ikiwa swichi hiyo inaruka kila unapowasha redio, ikiwa unahisi mwasho kwenye mabomba ya maji au mlango wa chuma, au ikiwa kuna harufu ya kuungua karibu na plagi. Kama antena yako au kamba zake zinaweza, zikikatika, kuangukia nyaya za umeme za barabarani, ishushe leo na uihamishe, kwani hapo hakuna choki wala rodi ya kukuokoa. Mtu aliyeunguzwa na mkondo wa redio na kubaki na doa jeupe au ganzi isiyoisha aende hospitali hata kama kidonda ni kidogo kama kichwa cha kiberiti, kwa sababu majeraha hayo huungua ndani zaidi kuliko yanavyoonekana juu.

Na kwa kuwa dhoruba za ziwani hupenda kuja usiku, ichomoe kebo ya antena kule nje kwenye bamba na plagi ya redio ukutani kila unapomaliza kuzungumza jioni, kabla ya kulala. Ukisubiri usikie ngurumo ndipo uamke kwenda kuishika kebo, umechelewa, na wakati huo mahali pako ni mbali na meza ya redio.